Foronya ya Pili ya Merle

Nyuma ya nyumba ya Nola Pengilly kuna banda la mbwa ambalo halijawahi kulaza mbwa tangu alipolileta. Wanalala kuku humo. Mgeni akiuliza, Nola husema, "Lilikuja na kitambaa," halafu anaendelea kumenya viazi kama vile ameshajibu.

Mimi nilikuwepo siku lilipokuja, kwa hiyo nitajibu mimi. Ulikuwa mnada wa shamba la mzee Hocking. Mzee na mkewe walikuwa wanahamia Adelaide kwa binti yao, na kila walichokuwa nacho kilikuwa kimetolewa uwanjani na kupangwa mstari: trekta, mapipa, ndoo za misumari, vitanda vya chuma. Watu wazima wenye akili zao walikuwa wanatazama trekta. Nola alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi mbele ya banda la mbwa, kichwa ndani, makalio nje.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikamwambia, "lakini wewe umezidi. Inuka, watu wanakuangalia."

"Waache waangalie. Gwenda, hebu niitie mzee Hocking."

Mzee akaja, mikono mfukoni.

"Mzee wangu," Nola akasema, bado yuko magotini, "hicho kitambaa alichokuwa analalia mbwa mnauzaje?"

"Kitambaa gani? Hilo tambara?"

"Hilo hilo."

"Hilo haliuzwi, mama. Ni la banda."

"Na banda?"

"Banda liko mnadani. Msubiri dalali."

Basi tukasubiri. Jua la Februari, nzi wamejaa mdomoni, na mimi nimeacha nyama jikoni. Dalali alipofika kwenye banda, hata hajafungua mdomo, mkono wa Nola ulishakuwa juu.

"Bado sijataja bei, bibie!"

"Basi taja, jua linaniunguza."

Uwanja mzima ukacheka. Jamaa mmoja mnyoa kondoo akapaza sauti, "Nola kapata bwana! Anamjengea kabisa!"

"Afadhali mbwa, mwenzangu," Nola akamjibu. "Mbwa ukimwita anarudi."

Akauziwa. Akaliburuta lile tambara nje, akalikung'uta viroboto, akaligeuza. Nola hatazami kitambaa kwa mbele kwanza. Kwake yeye mbele ni uso tu, na uso kila mtu anaosha. Anatazama nyuma, nyuzi zinakopita na kufungwa. Akatazama, akapitisha kidole, kisha akaniangalia huku mdomo unamtetemeka kama mtoto.

"Ni cha Merle," akasema. "Kile cha sinia. Gwenda, ni cha Merle."

Tukalipakia banda kwenye gari langu na nyama yangu ikaungua.

Mimi ni Gwenda Nankivell. Ninajitolea kwenye duka la mitumba la kanisa hapa Corrabin, na mdomo wangu unajulikana mpaka mji wa pili. Merle alikuwa dada mkubwa wa Nola. Alikufa kwa homa ya uti wa mgongo ikiwa imebaki kidogo tu aolewe, mimi nikiwa bado msichana kwetu, upande wa pili wa ziwa la chumvi, simjui hata kwa sura. Na aliyekuwa amuoe ni Clem Nankivell. Ndiyo, Clem wangu. Mapema niseme, msije mkalisikia barabarani.

Enzi zile msichana wa shamba akifikisha miaka kumi na minne alipewa sanduku la mbao, akaanza kulijaza vya nyumbani kwake. Vitambaa vya meza, foronya, vya kufunikia jagi la maziwa, vya kuweka chini ya sinia, vyote adarizi mwenyewe jioni baada ya kukamua. Merle alilijaza lake mpaka likawa halifungi. Akafa. Baba yake alikuwa mwanamume asiyejua kulia, kwa hiyo akauza shamba. Mwaka haukuisha, mnada ukaitishwa, na sanduku la Merle likamwagwa. Dalali alikuwa anaongezea vitambaa kwenye mafungu yasiyovutia, ili yanunuliwe: kimoja juu ya sufuria, kingine kwenye ndoo ya boliti, kingine kufungia glasi zisivunjike. Mama alikuwa ndani, mapazia yamefungwa. Nola, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amesimama juu ya gari la ng'ombe na aliona kila kitu kikiondoka, hiki kwa huyu, hiki kwa yule, mpaka watu wakaisha.

Alipoanza kazi ya mizani kwenye maghala ya ngano na kupata baiskeli, akaanza kuvifuata.

Sasa mtasema, kuna ugumu gani? Kuna ugumu, ndugu zangu. Sampuli zenyewe zilikuwa za kununua. Dukani uliuziwa kitani kimeshachapwa maua kwa rangi ya bluu, kazi yako ni kupitisha uzi juu ya mstari. Kikapu cha maua alichodarizi Merle ndicho hicho hicho walichodarizi wanawake kutoka hapa mpaka Perth. Ukiviweka kumi mezani, mama mzazi hawezi kukitambua cha mwanawe.

Ila Merle alikuwa mashoto.

Mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwenye dawati, akaandika kwa wa kulia kwa sababu hakuwa na la kufanya. Lakini sindano alishika kwa kushoto, na hapo hakuna aliyemweza. Mtu wa mkono wa kulia akidarizi bua la ua, mishono inalaliana kama kamba inayopanda kuelekea upande mmoja. Ya Merle inapanda kinyume. Hata vile vifundo vidogo vya kuigiza maua, uzi wake umezungushwa kinyume. Mwaka mmoja aliingiza kitambaa kwenye maonyesho ya kilimo. Bibi jaji akakigeuza nyuma, maana ndivyo wanavyopima, akasema mbele ya watu, "Safi sana, lakini kila bua limepinda." Hakupewa utepe wa ushindi, hata wa nafasi ya tatu. Mimi yule bibi simjui, alishakufa zamani, lakini ningekutana naye ningempinda yeye.

Basi kasoro ile ile iliyomnyima Merle utepe ndiyo iliyomrudishia Nola dada yake, kipande kwa kipande. Kitambaa cha meza cha chai ya usiku alikipata kwenye gereji, kimefunika injini. Aproni aliikuta imefungiwa chupa za jemu. Cha sinia, hicho cha mbwa. Na njiani akaokota vya wengine, maana hawezi kuacha. Mimi kila Jumanne nafungua mifuko dukani. Bibi kafa Ijumaa, Jumatatu wakwe wamemwaga kabati lake mlangoni kwetu, mfuko hata haujafunguliwa, ndani kuna kazi ya macho ya miaka hamsini, wamechanganya na soksi. Nawatukana kimoyomoyo, wakati mwingine si kimoyomoyo. Vyote vyenye uzi naviweka chini ya kaunta. Nola anakuja, anakaa juu ya kreti la maziwa, anageuza kimoja kimoja.

"Si yeye," anasema. "Si yeye. Huyu naye si yeye, lakini tazama alivyofunga uzi, masikini. Nipe."

"Utaviweka wapi, mwenzangu? Unalala wima siku hizi?"

"Huyu ana mtu wake aliyemshona. Nimwache awe tambara la viatu?"

Anavichukua, anaviloweka, anavianika majanini jua livitoe madoa, kisha anavipiga pasi kwa nyuma juu ya taulo nene, ili vifundo visilale. Hayo yote alinifundisha. Mimi sijui kudarizi, mkono wangu ni mzito, lakini miaka na miaka ya kukaa pembeni yake nikajua kutofautisha kazi ya mkono wa kulia na ya kushoto hata nikiwa mlangoni.

Na ajabu ya nyumba ile: makabati matatu yamejaa vitambaa vya meza, na meza iko uchi. Kikombe hakiruhusiwi kukaribia kitambaa.

"Shehena yote hii," nilikuwa namwambia, "na mimi nanywea chai juu ya mbao tupu kama mfungwa."

"Chai inamwagika."

"Ndiyo kazi ya kitambaa, Nola!"

"Si hivi," anasema, na hapo ujue mazungumzo yameisha.

Clem alimwita Nola shemeji mpaka mwisho, na yeye hivyo hivyo. "Shemeji, bati langu linavuja." Clem huyo, na ngazi yake. Mimi niliolewa naye miaka mitano baada ya msiba, na nilipoingia kanisani watu walinipima kwa macho kama ng'ombe wa mnadani, kunilinganisha na nani, mnajua. Clem mwenyewe hakutaja jina la Merle hata siku moja. Mtu mpole, mkimya, anakula ulichompikia. Nilimwonea wivu marehemu? Nilimwonea, kwa nini nidanganye. Marehemu hazeeki, hanuni, haunguzi nyama. Unashindana naye vipi?

Mara moja tu, tukiwa sebuleni kwetu, Nola alimwuliza. Wakati huo sanduku lilikuwa limerudi lote isipokuwa foronya moja. Zilikuwa mbili, za maua ya miwati, yale ya njano ya duara, na yeye alikuwa na moja. Akasema, "Shemeji, siku ya mnada wetu ulikuwepo. Hukuona nani alichukua foronya ya pili?"

Clem alikuwa anafunga kamba za buti. "Mimi nilinunua pipa la minyororo," akasema. Akatoka kwenda kuangalia kondoo.

Hiyo foronya ikawa ndiyo maisha ya Nola. Akafika miaka sitini, akastaafu mizani, akaanza kupoteza macho. Si giza lote. Jicho lake lilikufa katikati, akawa anaona pembeni tu. Akikutazama anageuza kichwa kama kuku. Daktari wa Adelaide alimwambia hakuna dawa. Akarudi, akakaa kwenye kreti pale dukani, akachukua vitambaa vya Jumanne na kuvipapasa kwa vidole.

"Naogopa, Gwenda," akasema, na Nola si mtu wa kusema hivyo. "Naogopa itakuja nami nisiijue. Itapita hapa mikononi mwangu, niseme si yeye."

"Mimi nitaijua."

"Wewe unajua kwa macho. Kwa roho hujui."

Nilikasirika, lakini nikamsogezea leso, kwa sababu alikuwa analia.

Clem alikufa baridi ya mwaka ule ule, moyo, zizini, kofia bado kichwani. Sitaki kulieleza hilo. Nguo zake niligawa, zana akachukua mpwa wake, mto wake nikaubakiza kitandani upande wake. Ulikuwa mto wa sufi, mgumu kama gunia la ngano, ameuvisha gamba la kitambaa cha zamani na kulishona lote kwa shazia, ile sindano nene, na uzi wa magunia. Ujanani alikuwa mshona magunia kwenye mavuno, kwa hiyo hata mto aliuacha na masikio mawili kwenye pembe, kama gunia. Alikuja nao wiki ya harusi. "Huu usiufue, Gwen, wala usiufumue," akaniambia. "Ni mto wa nyumbani." Nikadhani ni wa mama yake. Mama yake alikuwa mtu wa kushona viraka. Basi nikawa navisha foronya yangu juu, na kila Jumatatu kwa miaka arobaini nikaivua, nikavisha nyingine. Vijiuzi vilivyochoka pindoni mwa lile gamba niliviona, ndiyo. Kitu ukikishika kila Jumatatu hukioni tena.

Baridi ya tatu bila Clem panya wakaingia chumbani, wakautoboa. Sufi ikawa inaruka nyumba nzima. Nikasema haya, umeshamaliza kazi yako, nikautoa barazani, nikakata ule uzi wa magunia kwa kisu cha jikoni na kumwaga sufi kwenye pipa la kuchomea taka. Likabaki gamba mkononi. Nikaligeuza nilikung'ute.

Njano. Ndani humo jua halikuwahi kufika, kwa hiyo njano ilikuwa mbichi kama ya jana. Maua ya miwati, pindo zima. Na mabua yake yanapanda kinyume.

Nilikaa kwenye ngazi. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kitandani. Nilimtukana Clem kwa sauti mpaka mbwa akaondoka barazani. Mshenzi wewe. Pipa la minyororo! Na chini ya minyororo kulikuwa na nini, Clem? Miaka arobaini shavu lako liko kwa Merle na mimi niko mto wa pili nakukoromea, nakupikia, nakuzalia, na katikati yenu kuna foronya yangu tu, tena ninaifua mimi. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho nakisema wazi: nilidhani sikuwahi kupendwa. Nilidhani nilikuwa mwanamke wa kubadilisha foronya.

Kiberiti kilikuwa mkononi kwa ajili ya ile sufi. Pipa liko pale. Hakuna mtu duniani angejua.

Nikamkumbuka Nola juu ya kreti, kichwa kimegeuka kama kuku, vidole vinapapasa. Si yeye. Si yeye. Nikawasha sufi, foronya nikaiweka ndani ya kikapu cha mayai, na usiku ule nikalala sebuleni kwa sababu kitandani sikuweza.

Kesho yake nikaenda kwake. Alikuwa jikoni, birika liko motoni. Sikumwamkia vizuri. Nikaigeuza foronya nyuma juu, kama apendavyo yeye, nikamwekea mapajani.

"Hii ilikuwa kwenye mto wa Clem," nikasema. "Ndani. Ameishona mwenyewe."

Akaweka vidole. Vikatembea pindoni polepole, vikafika kwenye bua, vikasimama, vikarudi, vikalipanda tena. Vikagusa vifundo. Na usoni nikaona kile nilichokiona siku ya banda la mbwa, mdomo ule ule wa mtoto. Nilikiona, jamani, sikuota. Kisha akageuza kichwa, akanitazama kwa pembe ya jicho, muda mrefu. Birika likaanza kupiga kelele na hakuna aliyeinuka.

Akaikunja foronya. Akanirudishia.

"Si yake," akasema.

"Nini?"

"Si ya Merle. Huu ni mkono wa kulia. Sampuli ya miwati ilikuwa kila nyumba, Gwenda, hata mama yake Clem lazima alikuwa nayo. Ni ya mama yake. Mkono wa kulia kabisa."

"Umeigusa vizuri?"

"Nimeigusa. Pole kwa kukusumbua njia yote hii."

Ule mkono alionirudishia nao akauficha chini ya meza.

Mimi nikainuka, nikazima birika. Nikaenda chumbani kwake, nikafungua sanduku bila kuomba ruhusa, nikachukua foronya ya kwanza. Nikarudi, nikazitandika zote mbili mezani chini ya dirisha, bega kwa bega. Mabua yalikuwa yanapanda upande mmoja kama watu wawili wa nyumba moja.

"Nola Pengilly," nikamwambia, "mwongo mkubwa we! Maisha yako yote unaiwinda. Umeingia banda la mbwa kwa ajili ya nduguze. Leo imekuja yenyewe inakupigia hodi, unaikana?"

"Nimeikana ili ulale usingizi."

"Nani kakuambia silali?"

"Macho yako yamevimba. Mimi ni nusu kipofu na nimeyaona tangu ukiwa getini."

Hapo nikashindwa. Nililia kwenye meza ile kama ambavyo sikulia siku ya mazishi, na maneno yakatoka yote, kuhusu shavu la Clem, kuhusu foronya za Jumatatu, kuhusu kuwa mwanamke wa kubadilisha foronya. Nola akasogeza kiti karibu yangu. Halafu akaniambia, "Lete mkono."

Akauchukua mkono wangu, akauweka katikati ya foronya ya Clem. "Gusa. Imekuwaje?"

"Imechakaa."

"Imekwisha. Kama ganda la kitunguu. Sasa gusa yangu." Ile ya sandukuni ilikuwa nene, ngumu, inateleza kama siku iliponunuliwa. "Unajua Merle alikuwa anasema nini akidarizi kitambaa cha meza? 'Hiki nitakimwagia chai siku ya kwanza, ili Clem asiogope kumwaga ya kwake.' Alikuwa mcheshi, Gwenda. Watu hawasemi, lakini alikuwa mcheshi. Mimi nikavirudisha vyote, nikavifungia. Havijamjua mtu yeyote. Vimekaa vinanisubiri nife." Akapapasa tena pindo. "Hii ndiyo peke yake iliyoolewa."

"Imeolewa na mume wangu!"

Yalinitoka tu. Nola akashtuka, akaniangalia kwa upande, kisha akaanza kucheka, na Nola akicheka anakoroma kama nguruwe. Nami nikacheka huku kamasi zinanitoka.

"Na nani alikuwa anaivalisha nguo safi kila Jumatatu?" akasema. "Clem angetaka kuificha kwako angeiweka bandani na minyororo yake. Aliileta kitandani kwako akakuambia usiifumue, na wewe hukuifumua. Miaka arobaini. Mimi nisingeweza, ningeichungulia siku ya pili."

"Angeniambia."

"Angekuambia, ndiyo. Hapo alikosea, na mimi nikifika huko nitamwambia mwenyewe, shemeji, ulikosea."

Halafu akainuka, akaenda sandukuni kwa kupapasa ukuta. Akarudi na kile kitambaa cha meza cha chai ya usiku, kile kilichowahi kufunika injini, akakitandika juu ya meza. Akakisawazisha kwa viganja mpaka pembe zote. Akaweka buli juu yake. Akaweka vikombe, skonzi, jemu, siagi. Mimi nilikuwa nimesimama tu.

"Keti," akasema. "Unangoja nini?"

Alimimina kwa kusikiliza, na chai ya kwanza ilipita nje ya kikombe ikaingia kwenye kikapu cha maua cha Merle. Nikaruka kutafuta taulo.

"Kaa chini, Gwenda. Iache."

Tukanywa. Doa lilienea polepole kwenye kitani likasimama kwenye ukingo wa majani, na yeye, asiyeliona, alikuwa anapitisha kidole kwenye umajimaji wake.

Nilipoondoka alinipa foronya. Si ya Clem. Ile alibaki nayo, akasema amechoka na vitu visivyojua mtu. Alinipa ile nzima, ya sandukuni, na alinipa kwa amri: isiwekwe kabatini, ilaliwe. Nikamkumbusha kwamba jozi imetimia asubuhi hii hii, na yeye anaivunja kabla ya chakula cha mchana.

"Nilitaka kujua ilipo," akasema. "Sasa najua."

Basi ninailalia. Sikuweka chochote juu yake. Nikijigeuza usiku shavu linafika pindoni, na asubuhi nikijitazama kwenye kioo nina alama za vifundo vya Merle hapa, chini ya jicho. Namtukana Clem kwanza. Kisha naweka birika motoni.